Sensa tatu za mota ya umeme: jinsi kontrola inavyojua wakati wa kubadili fezi, na namna ya kuzipima

Pikipiki ya umeme inapanda kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea eneo la Mwanga mjini humo, imebeba abiria. Inasimama katikati ya mlima kupisha gari, na ikitaka kuondoka tena inanguruma, inapiga teke mbele, inarudi nyuma kidogo, basi. Dereva akishusha miguu na kuisukuma hatua moja, inakubali na kwenda. Fundi mwenye haraka atasema kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenye mota, imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi kontrola ni nzima, ila inadanganywa. Yenyewe haioni gurudumu. Habari zote za gurudumu inazipata kwa nyaya tatu nyembamba, na mmoja wa hizo ukisema uongo, umeme unapelekwa kwenye koili ambayo si zamu yake.

Mwongozo huu ni wa kupima nyaya hizo, kutafsiri unachokiona, kubadilisha sensa zilizokufa na kupanga fezi upya. Unahusu mota ya kwenye rimu, ile ambayo ekseli yake haizunguki. Bajaji yenye mota kwenye difu inapimwa vilevile, ila mota yake ina sumaku chache zaidi.

Kinachofanyika ndani ya rimu

Mota ya makaboni hubadili umeme yenyewe: kaboni inasugua vipande vya shaba, na kila kipande kinapopita, koili inayofuata inapata zamu. Mota hii haina kaboni. Sumaku zimegandishwa ndani ya rimu na zinazunguka nayo, koili zimetulia kwenye ekseli katika makundi matatu yanayoitwa fezi. Kazi ya kubadili inafanywa na mosfeti, swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme, ndani ya kontrola: makundi sita, mawili kwa kila fezi, moja la kuiunganisha na chanya ya betri na jingine la kuiunganisha na hasi. Wakati wowote fezi mbili zina umeme na ya tatu imepumzika.

Tuziite fezi A, B na C. Zamu zinakwenda hivi: umeme unaingia A unatokea B, kisha A kwenda C, B kwenda C, B kwenda A, C kwenda A, C kwenda B, halafu mwanzo tena. Hatua sita, kila moja nyuzi 60 za umeme. Nyuzi 360 za umeme ni jozi moja ya sumaku kupita, siyo mzunguko mzima wa gurudumu. Ukiwahi au ukichelewa kubadili, koili inavuta sumaku kutoka pembe mbaya, na ampea zinaliwa bila kutoa nguvu. Kosa la nyuzi 30 linakupunguzia kama asilimia 13 ya msukumo kwa ampea zilezile. Kosa la nyuzi 60 linaondoa nusu. Umeme huo haupotei hewani, unageuka joto ndani ya koili.

Anayeiambia kontrola zamu ni ya nani ni sensa ya Hall, kijidude cha miguu mitatu kinachofanana na transista ndogo. Jina limetoka kwa Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 kwamba sumaku inasukumia upande mmoja umeme unaopita kwenye bamba jembamba. Sensa za mota ni za aina ya kushikilia: ncha moja ya sumaku ikipita inawaka, na inabaki imewaka hadi ncha ya pili ipite. Ikiwaka inavuta waya wake wa ishara chini hadi karibu volti 0. Ikizima inauachia tu, na rezista iliyo ndani ya kontrola inaunyanyua hadi volti 5. Shika sana jambo hilo. Sensa haitoi volti 5, zile ni za kontrola. Fundi asiyelijua atapima waya uliokatika, aone volti 5 safi, aseme sensa ni nzima.

Sensa tatu zikiachana nyuzi 120 za umeme, zinatoa namba sita, 1 ikiwa volti 5 na 0 ikiwa volti 0: 101, 100, 110, 010, 011, 001. Angalia kwamba kutoka namba moja kwenda nyingine tarakimu moja tu inabadilika. Namba 000 na 111 haziwezi kutokea kwenye mota nzima ya mpangilio huu, na kontrola ikiziona inakataa kutoa umeme. Zipo mota chache za nyuzi 60, ambazo 000 na 111 ni halali na zilizokatazwa ni 101 na 010. Ukikutana na hizo usishtuke, tafuta kontrola inayokubali nyuzi 60.

Sasa chukua sensa moja, C, ife ikiwa imekwama kwenye 1. Namba sita zinakuwa 101, 101, 111, 011, 011, 001. Tatu ni za kweli, mbili ni za uongo, moja imekatazwa. Gurudumu likisimama mahali pa kweli pikipiki inaondoka; likisimama pa uongo inapiga teke; likisimama pa 111 imekufa kabisa. Ndiyo maana kusukuma hatua moja kunaitibu. Ukisikia dereva anasema "ikisukumwa inakubali", anza na sensa kabla ya kugusa kitu kingine.

Vitu vya kuandaa

Mita ya kawaida yenye volti na alama ya diodi. Sindano mbili za kushonea, za kuingiza nyuma ya plagi bila kutoboa ganda la waya. Chaja ya simu ya volti 5 yenye waya wa kukata, taa moja ndogo ya LED na rezista ya kilo-omu 1. Chaki. Fyuzi ya ampea 10 na kishikio chake. Kalamu na karatasi, kwa sababu namba hizi zikikaa kichwani zinachanganyika. Kama utafungua mota ongeza sensa tatu mpya, mrija unaonywea kwa joto, gundi ya epoksi ya mirija miwili na chuma cha kuchomelea chenye ncha nyembamba.

Inua gurudumu lizunguke bila kugusa chini, na pikipiki isimame imara. Eksileta ikikwama wakati wa kipimo, gurudumu lililogusa ardhi litaipeleka pikipiki ukutani.

Hatua ya kwanza: macho

Zima ufunguo, chomoa betri. Fuata waya mnene kutoka kwenye ekseli hadi kwenye kontrola. Ndani yake kuna nyaya tatu nene za fezi, kwa kawaida njano, kijani na bluu, na tano nyembamba: mwekundu wa volti 5, mweusi wa hasi, na tatu za ishara zenye rangi hizohizo za fezi. Ukiona wa sita, mara nyingi mweupe, huo ni wa kipima joto au wa spidi.

Chunguza sehemu mbili. Ya kwanza ni pale waya unapoingia kwenye tundu la ekseli. Nati ya ekseli ikilegea, ekseli inajizungusha yenyewe kila unapovuta moto na inaukata waya kama kisu. Hapo fezi yenye volti 60 au 72 inaligusa waya la volti 5, na kwa sekunde moja zinakufa sensa zote tatu, eksileta na kontrola. Ukikuta dalili hiyo, usifunge kontrola mpya kabla ya kutengeneza waya, kubana nati na kuweka bamba la kuizuia ekseli isigeuke. Kontrola ya pili itaifuata ya kwanza.

Ya pili ni plagi ya nyaya tano. Pikipiki na bajaji zinazoshusha dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi hulowa maji ya makapu kila siku, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zinamalizia. Fungua plagi uangalie pini. Kutu ya kijani juu ya shaba inatosha kuua ishara moja. Safisha kwa mswaki na spiriti, kausha, na uvute kila waya taratibu kuona kama pini inateleza nyuma.

Hatua ya pili: volti 5

Rudisha betri, washa ufunguo. Ingiza sindano nyuma ya plagi: mita nyekundu kwenye waya mwekundu, nyeusi kwenye mweusi. Unataka kati ya 4.3 na 5.2. Ukipata sifuri, chomoa plagi ya mota upime upande wa kontrola. Volti zikirudi, ndani ya mota kuna shoti kati ya mwekundu na mweusi. Zisiporudi, chomoa na eksileta, kwa sababu nayo ina sensa ya Hall na kwa kawaida inakula kwenye laini hiyohiyo. Mkono wa eksileta ulioingia maji unaweza kuizima mota nzima ukadhani gurudumu ndilo bovu. Ukishachomoa vyote viwili na bado hakuna kitu, hapo tu ndipo kontrola ina kesi ya kujibu.

Hatua ya tatu: namba sita

Acha mita nyeusi kwenye waya mweusi. Weka nyekundu kwenye ishara ya njano na uzungushe gurudumu kwa mkono polepole, polepole sana, kama unayetafuta namba ya sefu. Mita lazima iruke kati ya karibu 0 na karibu 5, bila kukaa katikati. Rudia kwa kijani na bluu. Mota ya rimu yenye gia ndani haizunguki ukizungusha gurudumu mbele, zungusha nyuma.

Usomaji wake ni huu. Waya unaobaki 5 daima: sensa imekufa ikiwa wazi, au waya umekatika njiani. Unaobaki 0 daima: sensa ina shoti, au ganda limechubuka na waya unagusa hasi. Unaokaa kwenye 2 au 3: sensa dhaifu au maji kwenye plagi. Zote tatu zimeganda kwenye 5: kama waya haukukatwa kwenye ekseli, sensa tatu hazifi zenyewe siku moja, basi tafuta waya mwekundu au mweusi uliokatika kati ya plagi na mota.

Zote zikiruka bado hujamaliza. Sogeza gurudumu kidogo kidogo na kila linapobadilika andika namba ya tarakimu tatu. Upate sita, kila moja ikitofautiana na ya kabla yake kwa tarakimu moja, kisha zijirudie. Kwenye mota yenye sumaku 46, yaani jozi 23, mabadiliko ni 138 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kila moja baada ya nyuzi 2.6 tu za rimu. Piga mstari wa chaki kwenye tairi na kwenye fremu, zungusha mara moja kamili, na uhesabu waya mmoja umepanda kutoka 0 kwenda 5 mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo jozi za sumaku, na kontrola za kuprogramu zitakuuliza.

Hizo nyuzi 2.6 zinaonyesha kwa nini sensa iliyokaa vibaya ni balaa. Ikihama nyuzi 1 ya rimu, kosa ni nyuzi 23 za umeme.

Hatua ya nne: mota au kontrola?

Umeona ishara moja haibadiliki. Chomoa plagi, washa ufunguo, pima pini tatu za ishara upande wa kontrola. Kila moja isome karibu 5. Isiyosoma, rezista yake ya ndani au waya wake umekatika, na mota haina kosa.

Upande wa mota tumia chaja ya simu. Kata waya wake, nyekundu kwa mwekundu wa sensa, nyeusi kwa mweusi. Unga LED na rezista ya kilo-omu 1 kwa mfululizo, kutoka kwenye nyekundu hadi waya wa ishara, mguu mrefu wa LED ukiwa upande wa nyekundu. Zungusha gurudumu: LED iwake na kuzima. Usiiache rezista. Bila hiyo sensa nzima utaiua wewe mwenyewe wakati unaipima.

Kabla ya kufungua mota, hakikisha na fezi. Betri ikiwa imechomolewa, tenganisha nyaya tatu nene na uzungushe gurudumu, liende laini. Gusanisha mbili, liwe zito na la kukatakata. Jaribu jozi zote tatu, uzito ulingane. Likiwa zito hata nyaya zikiwa mbalimbali, koili zimeungua na sensa mpya hazitakusaidia. Kwenye kontrola, subiri kapasita, vihifadhi umeme vya ndani, ziishe chaji, weka mita kwenye diodi, nyekundu kwenye hasi ya betri na nyeusi kwenye kila fezi. Kisha nyekundu kwenye kila fezi na nyeusi kwenye chanya. Vipimo sita vifanane, kwa kawaida 0.4 hadi 0.6. Kimoja kikiwa 0, mosfeti imepasuka.

Hatua ya tano: kubadilisha sensa

Ondoa gurudumu, weka alama ya chaki kwenye kifuniko na rimu ili virudi palepale, fungua skrubu za kifuniko upande ambao waya hautoki. Stata, ile sehemu yenye koili, inashikwa na sumaku kwa nguvu ya kuvunja kidole. Usiichomoe kwa mikono. Tumia puli, na ukiirudisha weka mikono nje ya ukingo.

Sensa utazikuta zimegandishwa kwenye vijishimo vya meno ya stata. Zipige picha kabla ya kugusa chochote. Uso wenye maandishi unaangalia wapi? Sensa mpya lazima iangalie hukohuko, maana ukiigeuza, 1 yake inakuwa 0. Kwa sensa zenye namba SS41 na jamaa zake, maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, wa kushoto ni chanya, wa kati hasi, wa kulia ishara. Badilisha zote tatu, hata kama iliyokufa ni moja. Kufungua mota ni kazi kubwa kuliko bei ya sensa mbili, na zile zilizobaki zimekula joto lilelile. Jihadhari na sensa za rahisi mno: ya kweli inavumilia nyuzi joto 150, ya bandia inaanza kukwama mota ikipata moto na kupona ikipoa, kosa gumu kuliko yote kulitafuta.

Kwangua gundi ya zamani hadi sensa izame kina kilekile cha ya kwanza. Chomelea kila mguu kwa sekunde zisizozidi tatu, vaa mrija kila mguu peke yake, kisha jaribu kwa chaja ya simu na kipande cha sumaku kabla ya kumwaga epoksi. Ukisha kuigandisha, kosa la waya linakugharimu kazi nzima upya. Subiri epoksi ikauke kadiri ya maelezo ya mrija wake, siyo kadiri ya haraka ya mwenye pikipiki.

Hatua ya sita: kupanga fezi

Usiamini rangi. Njano ya mota si lazima iwe njano ya kontrola. Kontrola nyingi zina waya wa kujifunza, mara nyingi mweupe wenye plagi yake: unauunganisha gurudumu likiwa juu, mota inajaribu yenyewe hadi ipate, ikizunguka kinyume unachomoa na kuunganisha tena, kisha unaachanisha.

Kama haupo, ziache nyaya za sensa kama zilivyo na ubadilishe fezi tu. Kuna namna sita. Weka fyuzi ya ampea 10 kwenye chanya ya betri, unga namna ya kwanza, vuta eksileta kidogo kabisa, sikiliza, zima, andika. Moja tu itazunguka laini na kimya. Mtego uko hapa: nyingine zinaweza kuzunguka pia, zikiwa na mlio mzito na mtetemo, na fundi akaridhika. Weka mita ya ampea. Mpango sahihi kwenye mota ya kawaida, gurudumu likiwa juu, unakula ampea 1 au 2 hivi. Wa uongo unakula mara kadhaa ya hizo, na ukiupandisha mlima kontrola inaungua. Ikizunguka laini lakini kinyume, badilishana nyaya mbili zozote za ishara na urudie zile namna sita za fezi. Moja itakwenda laini upande unaoutaka.

Kelele kwenye ishara

Kuna kosa linalojificha: vipimo vyote vizuri kwa mkono, lakini pikipiki inakata moto kwenye mlima. Ampea kubwa zinazopita kwenye fezi zinaingiza kelele kwenye nyaya za ishara zilizofungwa nazo tepu moja. Zitenganishe, na zikikutana zikatane kama msalaba.

Wengine huongeza kapasita kati ya ishara na hasi. Ni sawa, ila kwa kipimo. Mota ya jozi 23 ikizunguka mara 500 kwa dakika, ambayo kwa gurudumu la mzingo wa mita 1.85 ni kilomita 55 kwa saa, inabadili namba mara 1,150 kwa sekunde. Kila hatua inadumu milisekunde 0.87. Kapasita ya nanofaradi 10 na rezista ya kilo-omu 10 zinachelewesha ishara ya kupanda kwa kama milisekunde 0.1, nyuzi 7 hivi, na mota inavumilia. Weka nanofaradi 100, ile inayopatikana kila duka la redio, na ucheleweshaji unafika milisekunde 1, zaidi ya hatua nzima. Itaondoka vizuri kwa mwendo mdogo kisha itagoma kwenye lami iliyonyooka, na utaanza kumlaumu mwenye betri.

Kontrola zisizotumia sensa zipo, na nyingine hubadilika zenyewe sensa zikifa. Zinasoma volti inayozaliwa kwenye fezi iliyopumzika; volti hiyo inapovuka katikati, zamu inabadilika nyuzi 30 baadaye. Lakini gurudumu lililosimama halizalishi volti, kwa hiyo mwanzo ni wa kubahatisha. Kwa baiskeli ya tambarare za Tabora inatosha, maana kupiga pedali mara mbili kunaiamsha. Kwa pikipiki yenye abiria wawili na gunia kwenye mlima wa Mwanga, tengeneza sensa.

Kufunga

Paka silikoni mahali waya unapotoka kwenye ekseli. Uache waya ushuke chini ya ekseli kwanza ndipo upande kwenye fremu, ili maji yadondokee pale kwenye kona na yasitiririke hadi ndani ya mota. Plagi ielekeze mdomo chini. Bana nati za ekseli, endesha kilomita mbili bila abiria, shuka, bana tena. Kisha pima zile namba sita mara ya pili, mota ikiwa ya moto.